Mkono wa Atieno ulivyokataa kufika sikio

Niaje wakuu,

Naona humu wazazi mnaulizana. Mtoto aanze nasari akiwa na miaka mingapi? Akilia nimwache? Na kama hajui kusema anataka choo?

Wacha niwape yangu. Chumvi sitaongeza, maana binti yangu Atieno mwenyewe ni mtu mzima siku hizi na huwa anapita humu. Nikidanganya ataniumbua mbele yenu.

Ilikuwa miaka ya tisini, Laini Saba, Kibera. Nilikuwa na yeye peke yake. Asubuhi tunakaa mlangoni na chai, moshi wa makaa unapanda pole pole, treni inapita, Atieno anaipungia mkono mpaka behewa la mwisho. Hata leo nikifunga macho nasikia yale mabati ya nyumba yakitetemeka.

Halafu nikapata kazi ya kusuka, saloon moja huko Kawangware. Mwenye saloon alikutana na sisi barabarani, akaangalia kichwa cha mtoto, akauliza nani amemsuka. Nikasema ni mimi. Kazi ikapatikana hapo hapo.

Lakini alisema wazi: mtoto hapa hapana, kuna dawa za nywele na vitu vya moto. Nipate pa kumwacha kufikia Jumatatu, ama kiti kiende kwa mtu mwingine. Na hicho kiti nilikitaka wakuu, weh!

Nikampeleka nasari ya kanisa, hapo karibu na reli. Ticha Rose, mama wa sauti ya chini, hakuuliza birth certificate. Enzi zetu mtihani ulikuwa mmoja tu: mtoto apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Ukishika, umekomaa. Usiposhika, rudi nyumbani ukule ugali.

Atieno akanyoosha, ulimi nje. Vidole vikakwama juu ya sikio.

"Bado kidogo, Mama Atieno," Ticha akasema.

Nilirudi naye kwa ploti tulikopanga. Jirani yangu Mama Nekesa, mtu wa kucheka hata matangani, akamwangalia mtoto, akapiga makofi.

"Wewe nawe! Umemjengea ghorofa kichwani halafu unataka mkono upite? Nyoa!"

Jameni. Nyoa zile nywele? Nene, nyeusi, zilizonipatia kazi?

Nilizinyoa Jumapili mchana. Mimi nalia, yeye anacheka vile wembe unamtekenya. Alipomaliza kuoga akalala kwa mkeka. Jua lilikuwa linaingia kwa matundu ya misumari, vumbi linaelea juu ya hicho kipara kama halina haraka na dunia. Nilikaa hapo nikamwangalia mpaka chai yangu ikapoa. Nilitamani huo mchana usiishe.

Jumatatu mkono ukafika. Kwa ncha ya kidole, lakini ukafika. Ticha Rose alicheka mpaka akashika ukuta.

"Haya, ameingia baby class. Mama, sasa wewe nenda."

Mimi niende? Nilizunguka nyuma nikaweka jicho kwa tundu la mabati.

Ndani watoto wanaimba, wanayumbayumba, sauti ni kama zinatoka mbali sana. Atieno akageuka, akaangalia mlango. Mdomo ukaanza kutetemeka. Nikajiambia basi, naingia namchukua, kazi nitapata ingine.

Treni ikapita.

Atieno akainua mkono akaipungia. Mtoto wa kando yake akapunga. Kidogo kidogo baby class yote inapunga, na Ticha pia. Treni ilipoisha kupita, Atieno alikuwa ameshasahau mlango.

Nilitembea hadi Kawangware kama mtu yuko usingizini. Nilisuka vichwa siku nzima na sikumbuki hata kimoja.

Jioni nikamkuta kwa Mama Nekesa, ndiye aliyemtoa shule saa sita. Akanikimbilia, akanishika uso na mikono yote miwili.

"Mama, ulilia?"

"Kidogo," nikasema.

Akafikiria. "Shika sikio."

Nikapitisha mkono juu ya kichwa, hapo mlangoni, Mama Nekesa anatuangalia. Nikashika. Atieno akazunguka kukagua vizuri, mdomo ameukaza kama Ticha.

"Umefika," akasema. "Kesho unaweza kwenda peke yako."

Sasa wakuu, msidhani iliishia hapo. Jumanne alilia, tena sana. Niliondoka tu. Kuhusu choo, alijikojolea siku mbili tatu, akabadilishwa, hakuna aliyekufa. Nywele ziliota.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto wako unampima mwaka mzima, umri, kulala, kuongea. Jipime na wewe. Wa kwangu alifika kabla yangu.

Na nyinyi je, mlipimwa sikio? Kuna mwingine alinyolewa ndio aingie shule, ama ni sisi tu? Tiririkeni hapo chini. Atieno, najua unasoma. Mkono wangu bado unafika.