Mzee Niliyemtembeza Mbele ya Wageni

Mimi ni mkurugenzi wa huduma za mazoezi ya viungo katika makao ya wazee huku Nyegezi. Kusema kweli, wagonjwa nawajua zaidi kwa mafaili kuliko kwa sura.

Wiki iliyopita walikuja wageni waliotaka kutuongezea vifaa, nikawazungusha mwenyewe. Katika chumba cha mazoezi tulimkuta mzee ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Nikaamini ndiye Mzee Masanja, aliyepooza upande mmoja.

"Shikamoo, baba. Hebu waonyeshe wageni ulipofikia."

"Marahaba. Nitembee?"

"Tembea, usiogope."

Akasimama, akaenda hadi dirishani na kurudi bila kuyumba. Wageni wakapiga makofi. Neema, mtaalamu wetu wa mazoezi, akanikonyeza, nikadhani ananipongeza. Nikaendelea kueleza kwamba mzee huyu alipoletwa hakuweza hata kushika kijiko, na kwamba hayo ni matunda ya uongozi wangu.

Mgeni mmoja akamuuliza amekaa nasi muda gani.

"Tangu saa tatu," mzee akajibu. "Nimeleta sangara kutoka Kirumba, namsubiri mpishi anirudishie ndoo yangu."