Marehemu Kwenye Picha ya Harusi

Juzi nilisubiri zamu yangu kwenye steshenari moja ya Makambako. Mbele yangu mama mmoja wa kijiji cha Kichiwa, kanga juu ya sweta, alitaka marehemu mumewe aongezwe kwenye picha ya harusi ya binti yao.

Fundi wa kompyuta, macho mekundu kwa uchovu, alibonyeza kitufe kimoja. Alikuwa ameifundisha mashine kuchanganya matabaka yote ya picha, yaani vipande vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, kwa mkupuo mmoja, kama afanyavyo kwa maua ya kadi ili cha nyuma kionekane kupitia cha mbele. Baba akatokea, lakini matofali ya kanisa yalionekana kifuani mwake.

“Mwanangu, mbona ukuta unampenya?”

“Mashine inajifanyia yenyewe, mama.”

Mama akagusa kioo kwa kidole. “Basi iambie huyu alikuwa mtu, hakuwa moshi.”

Fundi akashusha pumzi, akalitafuta tabaka la baba, akalirudisha kwenye hali ya kawaida, isiyoonyesha kilicho nyuma. Baba akauziba ukuta, akasimama kando ya bibi harusi.

“Haya,” mama akasema polepole. “Sasa wajukuu watamwona.”

Foleni nzima, tuliokuwa tukiguna kwa kucheleweshwa, tukasogea kumtazama baba kwenye kioo. Tunaambiwa mashine hizi zimekuja kutupunguzia kazi. Bado hazijajua nani si wa kupunguzwa.