Alimfundisha Hadi Akafutiwa Huduma

Saa moja kasoro robo asubuhi, Kengele anatandaza shati kitandani, vifungo juu, mkono mmoja ukining'inia ukingoni. Anarudi mlangoni, anaegemea fremu, anakohoa kidogo. Bosi, aliyesimama kando ya kitanda, anazinduka, analichukua shati na kulivaa.

"Umeona?" Kengele anamwambia mwandishi wa makala haya, uso umemchanua. "Mwenyewe! Mimi simgusi."

Ni kweli, hamgusi.

Kengele, mwenye miaka arobaini na sita, ni msaidizi wa watu wenye ulemavu wa akili, mwajiriwa wa huduma za umma. Jina hilo alibatizwa na Bosi kwa sababu hachelewi hata dakika. Bosi naye ana miaka thelathini na mmoja na amezaliwa na ulemavu huo. Kila anayepishana naye ngazini, yeye humwita "Bosi!", nao wakamrudishia jina hilo hilo.

Kwa miaka mitano Kengele amekuja kwenye nyumba hii ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, saa thelathini kwa wiki. Kabla yake kulikuwa na kufuli.

"Nilikuwa namfungia kwa nje, mwanangu, nisikufiche," anasema mama yake Bosi, mfuaji wa mashuka hospitalini. "Naondoka asubuhi, narudi jioni. Namkuta amekaa palepale nilipomwacha, amejilowesha. Ningeacha kazi tungekula nini?"

Anayasema haya huku akikunja taulo, bila kuinua macho.

Mwezi uliopita ilikuja barua kutoka idara ya huduma. Bosi amepata alama 31 kati ya 36. Anajitegemea. Msaidizi ataondolewa mwisho wa mwezi ujao.

"Nilidhani wamekosea mtu," Kengele anasema. "Nikasoma tena. Nikakaa hapo hapo sakafuni."

Hawakukosea mtu. Kabla ya barua, mkaguzi wa idara alikuja na karatasi zake, akakaa kitini dakika ishirini na tano, akamtazama Bosi akipiga mswaki, akivaa, akimimina chai, Kengele amesimama mlangoni kama kawaida. Alipoaga alimpa mkono: hongera sana. Wiki nzima kabla ya hapo Kengele alikuwa amemfanyisha mazoezi Bosi, kama mwalimu anayesubiri wageni wa wizara. Shati lilipigwa pasi mara mbili. Mkaguzi alipoondoka walinunua soda wakashangilia.

"Nilitaka aonekane mtu mbele ya watu," anasema. "Kumbe mimi nimechuma janga, na wa kulila ni yeye."

Hapo ndipo mwandishi alipomwonyesha daftari lake. Asubuhi ile, tangu Bosi aamke hadi anywe chai, Kengele alikuwa amekohoa mara nne, amegonga sinki kwa kucha mara tatu, amesogeza kikombe mara mbili na kutazama mlango mara mbili. Kumi na moja. Kila mara, Bosi alisubiri ishara ndipo akaendelea.

"Mimi?" Kengele akacheka. "Acha utani. Mimi nimesimama tu!"

Kesho yake aliamua kuhakikisha. Alimwomba mama asiseme neno, yeye akakaa nje kwenye ngazi, viganja vimebana magoti. Dakika arobaini. Mlango ulipofunguliwa, Bosi alikuwa bado bafuni, mswaki mkononi, dawa imekauka juu yake, bomba linamwaga maji. Hakuwa na hofu wala hasira. Alikuwa anasubiri.

Kengele alifunga bomba. Kisha akajifunika uso kwa kanga ya mama na kulia kwa sauti.

"Miaka mitano!" anasema. "Miaka mitano nafanya kazi nisiyoiona mwenyewe! Sasa huyo mkaguzi wa dakika ishirini na tano angeiona kwa macho gani?"

Mama alimkemea kwa upole: "Basi, mdogo wangu. Kujikwaa si kuanguka. Kaandike."

Ameandika. Rufaa imepokelewa, na mkaguzi mwingine atakuja Alhamisi. Kengele ameomba kusubiri chini getini, kwa sababu hajiamini: anaogopa koo lake litamsaliti. Huduma ikibaki, ana mpango wa kuanza upya na Bosi, aziondoe ishara zake moja baada ya nyingine, hata ikichukua miaka mingine mitano. Ikikoma, mama ameshaulizia bei ya kufuli.

Kuna mmoja tu nyumbani humu anayeihesabu Alhamisi kwa furaha. Bosi amesikia kwamba mgeni anarudi. Tangu Jumapili anajizoeza vifungo mbele ya kioo, na kila jirani ngazini ameshaambiwa.

"Atanipa mkono tena," anasema. "Nitafanya vizuri kuliko siku ile. Kengele, utaniona?"

Kengele anageukia dirishani kwanza.

"Nitakuona, Bosi. Nitakuwa hapo hapo mlangoni."

Nje, akishuka ngazi, anasimama na kumshika mwandishi mkono.

"Namwombea ashindwe," anasema. "Mimi, niliyemfundisha. Na leo nimemdanganya kwa mara ya kwanza."