Picha ya Kifua Niliyoikimbia

Ndugu zangu mnaokohoa na kunyamaza, nawaandikia nikiwa nimekaa, maana kusimama bado kunanichosha. Jina langu ni Mapendo. Nimepona. Hakuna aliyeniambia kwamba kupona nako ni kazi ya kuchosha kama kuugua.

Kabla ya Kampala niliishi kwenye machimbo ya almasi, Kongo, msituni kando ya mto. Niliwapikia wachimbaji wali na maharage. Kule, ukisema "jiwe", kila mtu anajua unasema jiwe gani. Kampuni iliyoshika machimbo ilikuwa na chumba cha picha. Kila aliyetoka zamu alivuliwa nguo, akasimamishwa mbele ya mashine, wakamchungulia tumbo wajue kama amemeza jiwe. Sisi wapishi pia. Rafiki yangu Solange walimpiga picha akiwa na mimba kubwa, wakarudia, wakarudia tena. Walitafuta jiwe mahali ambapo Mungu alikuwa ameweka mtoto.

Hapo ndipo nilipoanza kusema. Nilisema kanisani, nikasema sokoni, nikaenda mjini kwa mwendesha mashtaka. Wanawake wengine wakasimama nami. Tulidai wajawazito wasipelekwe mashineni, na mwanamke asivuliwe na mwanamume. Walinzi wakatujibu kwa kunikamata mimi. Wakanivua. Wakanipiga picha mbele, ubavuni, mgongoni. Mkubwa wao akaiinua picha kwenye mwanga. "Hakuna kitu," akasema kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa, akatema mate. Baadaye wakachoma kibanda changu. Nikavuka mpaka.

Kampala nilipanga chumba Namuwongo, kule bondeni karibu na reli, ambako mvua ikinyesha unapandisha godoro juu ya meza. Nilitembeza vitenge begani, mtaa hadi mtaa. Ugonjwa ulianza kama uchovu, nami uchovu niliuzoea, sikuuuliza jina. Kisha kikohozi kikavu. Kisha mwiba ubavuni, kushoto. Nikivuta pumzi unachoma, nikicheka unachoma zaidi. Jasho lilinilowesha usingizini hadi shuka likanuka kama nguo ya mtoto. Kitenge kilichonizunguka mara moja kikawa kinanizunguka na kubaki.

Jirani yangu, Bi Zuhura, aliniona. Ni mjane mwenye duka la mchele na sukari. Mababu zake walikuja Uganda na misafara ya biashara ya pwani, na Kiswahili chake kimenyooka kama safu ya sala. "Mwanangu," aliniambia, "wewe unauza vitenge au vitenge vinakuuza wewe? Nenda hospitali ya Mulago."

Nilikwenda. Daktari alikuwa mama mmoja aliyesomea Kenya, tukaelewana. Akagongagonga mgongo wangu kwa vidole. Upande wa kulia ulilia kama ngoma, wa kushoto ukajibu kama ukuta.

"Makohozi yako hayaonyeshi kitu," akasema. "Nataka picha ya kifua."

"Sijameza kitu, daktari."

Akanitazama. "Nani amesema umemeza?"

Akanielekeza chumba cha picha. Mlango ulikuwa mzito, ndani baridi, na mashine ile ile. Mpiga picha aliitwa Kato, mwanamume mpole wa uso, wa miaka thelathini na kitu. Alinisemesha Kiganda, akaona sielewi, ndipo akaingia Kiswahili ili anisaidie.

"Wewe! Toa nguo! Simama pale! Nyamaza!"

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka nimekaa nje kwenye nyasi, blauzi imefungwa vifungo upande, nikihema kama mbwa, na watu wakinipita.

Sikurudi. Nilijidanganya kwa majani ya kuchemsha na maombi. Kumbe maji yalikuwa yakijaa kifuani. Nililala nimekaa. Nikafika mahali ambapo sikuweza kumaliza sentensi moja bila kuikata. Mimi, niliyesema mbele ya bunduki, nikashindwa kusema "naomba chumvi". Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko kifo. Solange na wenzake walibaki kule, na mdomo wao nilikuwa mimi. Siku moja nikavuka reli na vitenge, magoti yakakataa. Wakanibeba hadi dukani kwa Bi Zuhura.

Nikamweleza yote, neno, pumzi, neno, pumzi: Solange, mashine, mlinzi, Kato. Alisikiliza huku akipima sukari ya wateja. Kisha akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo mtaa mzima ulilisema hadi jioni.

"Huyo kijana hakukutukana," alisema. "Hicho ndicho Kiswahili alicho nacho. Hapa mjini wengi lugha yetu wameisikia kwa askari. Twende nikamfunze nyingine."

Tulimkuta Kato mlangoni. Bi Zuhura hakumwamkia hata. "Kijana, wewe unapiga picha au unakamata wezi?"

"Nyabo, mama, mimi iko sema nini mubaya?" Akashtuka kwa kweli.

Bi Zuhura akamweleza, Kiganda na Kiswahili vikichanganyika. Kato akaegemea ukuta. Akasema polepole, naye Bi Zuhura akanitafsiria, kwamba Kiswahili alikisikia utotoni, wakati wa vita, kwenye kizuizi barabarani. Toka. Lala chini. Toa. Baba yake alilazwa chini akapekuliwa hadi soksini, naye Kato amelala kando, uso kwenye vumbi. Maneno yale ndiyo yaliyomwingia. Hakuwahi kufundishwa mengine.

Nikamtazama. Alikuwa amenisemesha kwa maneno yale yale aliyolazwa nayo chini.

"Sema," Bi Zuhura akamwamuru. "Tafadhali, dada, naomba uvue blauzi."

"Tafadhari, dada..."

"Tafadhali."

"Tafadhari."

"Haya, Mungu atakusikia hivyo hivyo."

Nilicheka, ubavu ukanichoma. Muuguzi wa kike akaitwa asimame nami, kwa kuwa niliomba, na hapa kuomba kulitosha. Kato alingoja nyuma ya kioo. "Tafadhari, dada, vuta pumzi. Shika. Achia."

Picha ilionyesha upande wa kushoto mweupe wote, kama dirisha lenye ukungu. Kifua kikuu, daktari akasema, kimejaza maji kwenye ngozi ya pafu. Waliingiza sindano mgongoni, maji yakatoka ya manjano, kama chai iliyosahauliwa, chupa baada ya chupa. Niliposhusha pumzi ilifika mahali ilipokuwa haijafika siku nyingi. Nililia, kwa uchovu tu.

Kisha vidonge. Mkojo ukawa mwekundu kama fanta ya machungwa; msiogope, ni dawa. Nilitapika, nikameza tena. Kuna asubuhi nilivichukia kuliko ugonjwa. Bi Zuhura alileta uji, akasimama hadi nimeze, kisha akasema, "Fungua mdomo nione." Akajisikia mwenyewe, akashika kinywa. "Samahani, mwanangu. Nimesema kama wale walinzi." Tangu siku hiyo aliniuliza tu, nami nikamjibu ukweli.

Dawa zilipoisha, nikapigwa picha nyingine. Ndugu zangu, ninyi mliovuliwa, mliopekuliwa, mwambieni daktari kabla hajawagusa. Ombeni mtu wa kusimama nanyi. Mwili unakumbuka, nao unaweza kuwakimbiza kutoka kwenye dawa yenu. Mezeni vidonge hadi cha mwisho hata mkiona mmepona. Nanyi mnaotibu, neno "tafadhali" halina bei hata likitamkwa vibaya. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na mwanamke aliyefunga duka lake kwa ajili yangu.

Kato aliinua picha kwenye mwanga. Nikamshika Bi Zuhura mkono. Akaitazama juu, chini, akageuka akitabasamu hadi ufizi.

"Dada, hakuna kitu!"

"Rudia," nikamwambia.

"Hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa."

Na nikamsimulia Kato habari za Solange, Bi Zuhura akitafsiri, mwanzo hadi mwisho, bila kukata pumzi.