Kaya Yako Imeshatoa Maoni

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kwanza kaeni vizuri. Habari za makaburi hazisomwi mtu akiwa amelala chali anatafuna muwa. Shule nilikwenda kidogo, nikatolewa ili nikaamie ndege kwenye mpunga wa baba, na kusoma kwenyewe nilikuja kukukamilisha ukubwani kwa vitabu vya kanisani. Mkikuta sentensi imekaa kama kigoda kilichovunjika mguu, ikalieni hivyo hivyo. Ninachotaka mjue ni jinsi mfumo wa simu wa mji wetu ulivyomuuliza mume wangu swali, na mume wangu akajibu, wakati nilikuwa nimeshamzika.

Tulimzika msimu wa mvua kubwa, mwaka ambao mto Lumemo ulitoka kwenye njia yake ukaingia mitaani. Makaburi ya mtaa wetu, huku pembeni ya Lipangalala, yako upande wa juu. Nikisema juu msifikirie kilima. Ni upande ambao maji yanatokea kabla hayajafika kwenye nyumba. Wachimbaji walichimba, maji yakapanda kutoka chini. Wakachota kwa ndoo, yakarudi. Mtani wetu, ambaye kazi yake msibani ni kututania hata kama tunalia, akashuka kaburini maji yakimfika magotini.

"Jamani, huyu mzee mnamzika au mnamrudisha kazini? Mleteeni na pondo lake!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ndiyo desturi, na inasaidia. Mume wangu alikuwa mvuvi, na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, lilikuwa limeegemea ukuta nyumbani.

Jeneza liliposhushwa, likaelea. Likawa linagonga kuta za kaburi, ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua watu wamo. Hapo hakucheka mtu. Mtani akamnong'oneza mmoja, pondo likaletwa kweli, na jeneza likagandamizwa kwa pondo la mwenyewe huku wengine wakishusha tope. Tope lilipolemea ndipo walipolichomoa pondo. Nililiosha nikalirudisha ukutani. Lipo mpaka leo.

Tangu hapo mvua ikianza, na dumu lililoko upenuni likaanza kugongwa na matone, mimi huacha ninachofanya. Nasimama tu mpaka dumu lijae na sauti ibadilike. Halafu naendelea.

Simu yake, kitochi cha kawaida, hatukuizima. Wanunuzi wa kambale kutoka Mlimba walikuwa bado wanampigia, hawajapata habari. Kuzima niliona ni kama kumfungia mgeni mlango. Binti yangu, ambaye alirudi kwangu na watoto wake baada ya ndoa kumshinda, ndiye aliyekuwa akipokea. "Baba hayupo. Alifariki." Ukaja wakati hapigi mtu tena, na bado aliichaji. Sikumuuliza kwa nini. Ilikaa juu ya kabati la vyombo.

Kisha walipita watu wa kuandikisha kaya kwa ajili ya huo mfumo. Kijana mmoja akaniamkia vizuri, akauliza, "Bibi, mwenye nyumba ni nani?" Nikataja jina la mume wangu. Msiseme nilidanganya. Kwetu nyumba haibadilishwi jina kwa sababu mtu amekufa. Hata leo mkija kunitafuta mtaelekezwa kwa jina lake. Wajane wote wa mtaa walijibu vivyo hivyo, wala hatukuambizana. Kijana akaomba namba ya simu ya mwenye nyumba, binti yangu akaitaja. Akaipiga, ikalia pale kabatini, akaridhika akaenda zake.

Mfumo wenyewe sikuupinga, na sitaki mseme bibi anachukia simu. Mikutano ya mtaa ya zamani ilikuwa na ubaya wake. Msimu wa kilimo nusu ya watu wako bondeni, Namawala na mbele yake, wanalala vibandani kwenye mashamba mpaka wavune, na wachache waliobaki mjini ndio wanaoamua. Sasa tukaambiwa mtu atatoa maoni akiwa hata katikati ya mpunga. Unabonyeza nyota, namba zao, reli, unachagua. Nikasema sawa.

Swali la kwanza kubwa likawa la mtaro. Maji yanatumaliza kila masika, kwa hiyo ofisi ya mji ilitaka kuchimba mtaro wa kuyakata. Unaweza kupita juu, makaburini, yakatwe kabla hayajafika kwetu, na waliozikwa kwenye njia yake wahamishiwe eneo jipya palipo pakavu. Au unaweza kupita chini, nyuma ya nyumba, kwenye bustani na vyoo, ambako wataalamu walisema utasaidia ila si sana. Moja, juu. Mbili, chini.

Kaburi la mume wangu lilikuwa katikati ya njia ya juu. Mwenyekiti wa mtaa alinionyesha mwenyewe vigingi na kamba za kupimia.

Nilichukua simu yangu, nikavaa miwani, nikabonyeza nyota na namba zao na reli, nikachagua mbili. Ukaja ujumbe. Ulianza kwa jina la mume wangu, jina lake kamili, hata la ubatizo ambalo hakuna aliyekuwa akilitumia. Ukaeleza kwamba namba yangu inatambuliwa chini ya kaya yake. Ukamalizia: kaya yako imeshatoa maoni. Asante kwa kushiriki.

Nilikaa chini jikoni. Kilichonishika si hasira, mtanisamehe, hasira ilikuja kesho yake. Nilitazama ukuta lilipo lile pondo. Nikawaza, huyu mtu amesema nini? Na amesemea wapi?

Nikaenda kwa jirani yangu, mjane wa Kisukuma, mkubwa wa mwili na wa sauti. Nilimkuta anachambua mchicha. Nikampa simu asome.

"Aa, kumbe na wa kwako!" akasema. "Wa kwangu pia ameshiriki! Yule alikuwa haji mkutanoni hata akifuatwa na mgambo. Amekufa, ndiyo amekuwa raia mwema!"

"Wa kwako alichagua nini?"

"Nitajuaje, dada? Laini yake anayo shemeji yangu, yuko huko mbali na ng'ombe. Labda alikuwa anatafuta salio." Akacheka, kisha akanitazama. "Wewe umekula?"

Nilimwambia nimekula.

Kwa vile simu ya marehemu ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja tu nyumbani kwangu, nilijua pa kuuliza. Nilikuwa sitaki kujua tu. Tulikuwa tunapeta mchele uani, mimi na binti yangu, kila mmoja na ungo wake.

"Baba yako amechagua njia ya juu au ya chini?"

Hakujifanya haelewi. Hilo nampa. "Ya juu."

"Umemjibia akafukuliwe."

"Nimemjibia atolewe kwenye maji, mama."

"Kwa laini yake."

"Kwani iliulizwa ya nani nyingine? Wewe hukuulizwa. Mimi sikuulizwa. Aliulizwa yeye." Akaweka ungo chini. "Maji yalipoingia humu ndani nililaza wanangu juu ya meza. Wewe ulikuwa shambani, hukuona. Mdogo alitaka kushuka akafuate sufuria linaelea. Nikisema mtaro upite chini, nitawalaza juu ya meza tena."

"Na baba yako?"

"Baba alikuwa anagonga nini pale kaburini, mama? Unafikiri ni wewe tu unayesikia dumu? Unasimama pale mlangoni, nami nimesimama chumbani. Tunasikia sote."

Nilikuwa silijui hilo. Miaka yote nilidhani dumu ni langu peke yangu.

Nilimwambia apete mchele.

Sasa niwaambie kwa nini niling'ang'ania njia ya chini, maana watu walidhani ni bustani yangu ya bamia. Wengine walidhani ni mambo ya mila, kwamba aliyelala haamshwi. Hayo yapo na nayaheshimu. Ila langu lilikuwa dogo kuliko hayo. Niliogopa kufunua. Tulimwacha ndani ya maji tukamlemeza kwa tope, na sikutaka kuona alivyokaa baada ya kuachwa vile. Niliogopa kukuta jeneza limegeuka. Basi.

Pamoja na hayo, nilitaka kuyasema mwenyewe. Nikaenda ofisi ya mtaa kulalamika, nikakuta wajane wenzangu wameshajaa kwenye benchi, na wengine wawili watatu ambao baba zao waliokufa zamani walikuwa wametoa maoni. Mtendaji akasema mfumo una matatizo, ataripoti. Tukasema tunasubiri hapo hapo. Jirani yangu Msukuma akafungua kitambaa akaanza kula viazi, kuonyesha kwamba muda tunao.

Wiki haikuisha akaja mtumishi wa mfumo, binti mdogo, na kompyuta yake ya kupakata. Shikamoo zake alizitoa mmoja mmoja mpaka mwisho wa benchi. Hakutufokea wala hakutuona washamba. Alisema, "Kosa letu ni kwamba tuliuliza mwenye nyumba, tukadhani tumeuliza aliye hai." Alikuwa na mawazo yake tayari, akayaeleza, tukayapinga mengine, akayapinga mengine ya kwetu. Mwisho tukakubaliana: kila mtu mzima aandikishwe kwa jina lake na namba yake, kaya isihesabiwe kama mtu mmoja. Asiye na simu aje ofisini abonyeze kwenye simu ya mtaa mbele ya mtu mwingine. Majibu yasomwe kwenye mkutano wa mtaa kabla hayajafungwa, ili mtu akisikia amesema jambo ambalo hakulisema, anyanyuke. Swali la mtaro lingerudiwa upya.

Kisha akauliza, "Na hawa waliofariki, niwafute?"

Tukatazamana benchi zima. Hakuna aliyetaka kuwa mdomo unaosema mfute. Yule binti alikuwa ameweka kidole tayari, akatutazama, akakiondoa.

"Basi sitafuta," akasema taratibu. "Nitawaweka pembeni. Majina yatabaki, ila hawataulizwa tena."

Nikaitikia pamoja na wenzangu. Lakini nilipotoka nje lile neno lilinifuata barabara nzima. Hawataulizwa tena. Mume wangu alikuwa mtu wa kuulizwa. Watu walikuja alfajiri kumuuliza mto umekaaje, kambale wako upande gani. Nilipofika nyumbani nikaitazama simu yake kabatini. Zamani ujumbe wa mfumo ulipoingia ilikuwa inatetemeka juu ya mbao, na vyombo vinagongana chini yake. Nilikuwa nikiuchukia mtetemo ule. Tangu siku hiyo haikutetemeka tena, na nikajikuta nikipita pale ninasikiliza.

Swali liliporudi, lilikuja kwenye simu yangu kwa jina langu. Nilikaa nalo kutwa. Binti yangu aliniona, akapika. Nikabonyeza mbili. Sikubadilika, na nisingependa mseme mwisho bibi alielewa. Nilielewa tangu uani, kwenye mchele. Kuelewa hakukuniondolea woga.

Mkutano wa mtaa ulifanyika, wa bondeni walikuwa wametuma kwa simu, tuliobaki tukakaa kwenye viti vya plastiki. Majibu yakasomwa. Hakunyanyuka mtu kusema hakusema. Njia ya juu ilishinda, tena kwa wingi. Mwenye watoto alichagua watoto wake. Jirani yangu alinishika goti.

"Umeshindwa, dada."

"Nimeshindwa nikiwa nimesema," nikamjibu.

"Wa kwangu safari hii hakuchagua kitu," akasema. "Nimemkosa kidogo."

Baadaye ikatajwa siku ya kuwahamisha waliolala kwenye njia ya mtaro. Padre atakuwepo, mtani wetu atakuwepo, na wenye kutaka kutambika wameruhusiwa kufanya yao kwanza. Binti yangu alinijia jikoni akasema kwa upole, "Mama, wewe unaweza kubaki nyumbani na watoto. Tutakuhadithia."

Hapo ndipo nilipowaita wote, yeye na kaka zake waliokuja kwa ajili ya shughuli hiyo, wakaketi. Mvua ilikuwa imeanza na dumu lilikuwa linagongwa, hakuna aliyejifanya halisikii. Niliwaambia hivi:

"Hatabaki mtu nyumbani. Pondo lishusheni ukutani, mlibebe, kama maji yapo tutalihitaji. Kabla jembe halijagusa udongo, kila aliyebonyeza atasimama upande wa kichwa, atamwamkia, atamwambia kwa sauti alibonyeza nini. Nitaanza mimi. Na wewe, binti yangu, utamwambia mara mbili: lile ulilosema kwa jina lako, na lile ulilosema kwa jina lake."