Maneno Niliyosema Bungoma

Ilikuwa Januari, na Januari mashine yangu ya kufuma sweta haikupumzika, maana wazazi wa Kibomet, mtaa wetu hapa Kitale, hukumbuka sweta za shule siku moja kabla ya shule kufunguliwa. Mdogo wangu Barasa alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayekamatwa, nami namzungushia uzi wa kijani. Alikuwa askari, na siku hiyo alikuwa anamaliza likizo. Alipenda utani kiasi kwamba wateja walikawia dukani kumsikiliza.

Alipoinuka kuondoka aliniuliza kama nina uzi mweusi uliobaki.

"Wa nini?"

"Wetu. Huko juu ni baridi, dada. Makoti tunavaa kwa zamu."

Nilidhani ni utani wake mwingine. Alikuwa amepelekwa Mlima Elgon, ambako ugomvi wa mashamba ulikuwa umegeuka vita. Watu wenye bunduki walitoka msituni, wakachoma nyumba na kuua, kisha wakarudi msituni. Waliokimbia waliteremka hadi Kitale na Bungoma na magodoro vichwani. Nilikuwa nawaona wakipita mbele ya duka kila siku, lakini sikuwahi kujiuliza waliopanda kuwalinda walikuwa wamevaa nini.

Akina mama wa kanisani walichanga nyuzi, nikafuma. Februari mchungaji alitupakia kwenye pikapu yake, mimi na wazee wawili wa kanisa, tukapanda na mizigo yetu hadi shule moja iliyofungwa, ambako askari walikuwa wamefanya madarasa kambi.

Utani wa Barasa ulikuwa mdogo pale. Buti yake ya kushoto ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani. Askari walikuwa kumi na mmoja, na fulana za kuzuia risasi zilikuwa mbili. Redio ya mawasiliano ilikuwa moja, betri yake imekufa. Wakitaka kuongea na kituo kikubwa, mtu alipanda kichuguu nyuma ya vyoo na simu yake mwenyewe, akatafuta netwaki.

Saa tisa mchana tulikuwa tunagawa sweta. Mutua, askari mrefu kutoka Ukambani, alivaa yake, mikono ikamfika juu kidogo ya viwiko. Wenzake wakacheka. Nikamwambia avue niirudishe Kitale niiongeze. Akasema hapana, hii anaipenda.

Kisha kitu kikalia nje kama tawi kavu.

Barasa alinisukuma chini ya dawati.

Risasi ziligonga mabati. Vumbi la chokaa likatuangukia.

"Mtu apige simu," mkubwa wao akasema. Hakupaza sauti.

Mutua ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Fulana mbili zilikuwa zimevaliwa na walinzi wa lango. Alitoka na sweta tu.

Nilimsikia akiongea juu ya kichuguu. Alitaja jina la shule mara mbili. Mara ya tatu hakulimaliza.

Simu ilikuwa imefika. Gari la msaada ndilo lililochelewa. Baadaye tuliambiwa kwamba halikuwa na mafuta. Tulilala chini ya madawati hadi wale wa msituni wakachoka wenyewe wakaondoka. Tulipotoka, mwili wa Mutua ulikuwa umeshapoa.

Nilirudi Kitale lakini sikutulia. Nilifuma, nikafumua. Mlango ukigongwa na upepo niliinama. Na redioni hawakuongea jambo lingine: ati askari wamepelekwa vitani mikono mitupu, ati hapana, wanaosema hivyo ni wachochezi. Mkubwa mmoja wa serikali akasema vijana wetu hawakosi chochote. Watu walipiga simu kutoka Moi's Bridge, kutoka Webuye, kila mmoja na lake, na wala hakuna aliyesema kwamba amefika kule.

Siku moja nilikuwa namsimulia mteja mambo haya. Mama mwingine alikuwa kwenye kona akingoja sweta ya mtoto. Aliitwa Mama Chebet, na alikuwa amekimbia kutoka mlimani pamoja na watoto wake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Pole kwa huyo askari," akasema. "Lakini wewe unataka wapewe vitu zaidi. Wakija kutafuta wale wa msituni wanatupiga sisi. Si watatupiga zaidi?"

Nilimfungia sweta yake.

Mwezi wa nne yule mkubwa wa serikali alikuja Bungoma kukutana na wananchi ukumbini. Barasa alijua kwamba nitaenda. Alinipigia jioni ya kabla yake.

"Nenda ukae, dada. Usisimame. Sisi tuko na njia yetu ya kulalamika."

"Njia gani hiyo?"

"Si utulie tu."

Nilikaa kwa muda wa karibu saa mbili. Yule mkubwa alirudia kwamba hakuna askari anayekosa chochote, na watu wa mbele wakapiga makofi. Basi nikasimama. Nilisema habari ya kamba ya katani, fulana mbili, betri, kichuguu. Nilimtaja Mutua kwa jina. Watu wa nyuma wakaanza kuitikia.

Yule mkubwa akangoja. "Mama, wewe mambo ya askari umeyajuaje?"

"Ndugu yangu yuko huko," nikasema.

Mtu aliyeketi kando yake akaandika.

Kesho yake maneno yangu yalikuwa magazetini. Watu walinisimamisha njiani Kitale kunishika mkono. Kabla ya wiki kwisha Barasa alinipigia.

"Nimehamishwa. Ni mbele zaidi, karibu na msitu."

"Ni kwa sababu yangu?"

"Ni kazi, dada." Nikasikia upepo kwenye simu yake. "Lakini ungemwambia ulikuja na kanisa."

Hatukuongea tena. Wiki ya tatu gari lao lilivamiwa kwenye kona ya barabara ya tope. Walikuwa wanne ndani. Hakurudi hata mmoja.

Vifaa vilifika siku nne baadaye. Najua kwa sababu askari waliokuja Ndalu, kwetu nyumbani, kumzika walikuwa navyo: buti mpya zilizolia kila walipopiga hatua, fulana ambazo bado zilinuka plastiki. Mama alimsogelea mmoja wao akamgusa kifuani, akagonga polepole kwa vidole, kama anayepima mtungi umejaa hadi wapi.

Huyo aliyeguswa anaitwa Njoroge. Miezi miwili baadaye alipigwa risasi kifuani na fulana ikaizuia. Kila Krismasi hunipigia kunishukuru, na hunipa mtoto wake wa kwanza tuongee.

Na mwaka uliofuata Mama Chebet alikuja dukani kwangu kwa mara ya mwisho. Hakuja kununua. Operesheni kubwa ilikuwa imepita mlimani, na mwanawe aliyekuwa amerudi kulinda shamba alishikwa na watu wenye sare. Walipomwachilia alitembea akiwa ameinama, na mpaka leo nasikia hajanyooka.

"Walikuwa na buti mpya," akaniambia. "Kijana aliziona karibu sana."

Nimejaribu kuviweka vitu hivi kwenye mizani: Njoroge na mtoto wake upande huu, kijana wa Mama Chebet upande ule, na ndugu yangu. Havipimiki. Kuhusu kusimama, nadhani ningesimama tena. Ni jibu moja tu ambalo nimelibadilisha kichwani mara nyingi sana.

Mama bado yuko Ndalu. Anajua kwamba serikali ilimhamisha mwanawe. Kwa nini, hajui, na niliyebaki kujua ni mimi peke yangu. Wageni wakija huwasimulia kwamba binti yake ndiye aliyesimama Bungoma mbele ya wakubwa, askari wakapata buti, na huniita nije nisalimie. Nasalimia. Kisha nawaambia acha nikaangalie chai jikoni, hata kama sijaibandika.