Siku Tuliyofungua Kalibu

Siku ile, mwanangu, huwa naikumbuka kwa mngurumo kabla sijaikumbuka kwa sura ya mtu. Tanuri la umeme la karakana yetu lilikuwa limewashwa tangu asubuhi, sakafu inatetemeka chini ya viatu, na mimi natoka chumba cha kompyuta mbio, mtandio umeniteleza mabegani, moyo unanidunda kama wa mtu aliyeona mwezi wa Idi kabla ya wenzake.

Ngoja nikueleze tulikuwa nani, ili usipotee njiani.

Nilikuwa binti wa ishirini na kitu, nimerudi nyumbani Chumbageni, Tanga, na shahada yangu ya uhandisi. Kwetu ni watu wa duka. Wazee wetu walitoka Omani, na tangu hapo kazi ya ukoo imekuwa kuuza kanga na vyombo. Niliposema nimepata kazi kwenye karakana ya kusubu vyuma, yaani kuviyeyusha na kuvimimina viwe vifaa, njia ya Pongwe, shangazi aliniuliza, "Utaviuza hivyo vyuma, au utavichafukia?" Nikamwambia nitavichafukia. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akaninunulia kitambaa kigumu akanishonea suruali mbili za kazini. Mungu amrehemu.

Mwenye karakana alikuwa Mzee Shemweta, Msambaa wa Lushoto, mhandisi wa zamani aliyesomea kazi hiyo ng'ambo. Mtu mrefu, mpole, ambaye ukimwamkia shikamoo alisimama kwanza ndipo akaitikia. Fundi wetu wa kalibu alikuwa Mhina. Yeye ndiye aliyeutia mchanga umbo, akaacha ndani uwazi ambao chuma kilichoyeyuka kingeujaza. Kalibu zake zilikuwa safi kiasi kwamba ulisikitika kuzivunja.

Basi, upande wa Muheza kulikuwa na shamba la mkonge ambalo korona yake ilikuwa imesimama. Korona, kama hujaiona, ni ile mashine kubwa inayokwangua majani ya mkonge mpaka yabaki nyuzi. Gurudumu lake kubwa la chuma lilikuwa limepasuka. Kiwanda kilicholitengeneza hakipo tena duniani, kwa hiyo tuliombwa tulisubu upya. Tulisubu moja, likapasuka kitovuni siku ya kwanza ya kazi. Tulipolikata tukakuta ndani ya kitovu kuna pango, tundu la ukubwa wa ngumi, mahali ambapo chuma kilipaswa kuwa kigumu kabisa.

Huko shambani majani yaliyokatwa yalikuwa yanaoza kwenye mabehewa. Mama Paskalina, msimamizi wa wanawake wa korona, alikuja mwenyewe karakana siku ya kusubu mara ya pili. Baba yake aliletwa kutoka bara kukata mkonge, naye mwenyewe alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba hilo. Alikaa kwenye benchi karibu na lango, rozari mkononi, akasema, "Sikuja kuwasumbua. Nimekuja kuona kwa macho yangu, maana wenzangu wananiuliza kila asubuhi kama wafungashe vitu warudi kwao." Na Mzee Shemweta alikuwa ametuambia wazi kwamba chuma kizuri kilichobaki kinatosha gurudumu moja tu. Hili likiharibika, shamba lingeifunga korona.

Sasa nije kwangu. Wakati Mhina anatengeneza kalibu, mimi nilikuwa nimejifungia na kompyuta, zile za zamani zenye mgongo mkubwa, na programu ambayo mwalimu wangu wa chuo alinipa ruhusa kuitumia. Kazi ya programu ile, mwanangu, ilinifanya nisahau kula. Unalichora gurudumu ndani ya kompyuta, kisha unaligawa katika vipande vidogo vidogo, maelfu ya vipande. Kila kipande kinapokea joto kwa jirani yake na kumpa jirani mwingine, na cha pembeni kinaupa mchanga. Unaiuliza kompyuta: chuma hiki kikimiminwa, kila kipande kitaganda lini?

Lingekuwa jambo rahisi kama chuma kingekuwa na tabia moja. Hakina. Kikiwa maji kinapitisha joto hivi, kikiganda kinapitisha vingine, na katikati ya kuganda kinatoa joto jingi lililokuwa limejificha ndani yake, kwa hiyo hapo kinachelewa kupoa hata kama mchanga unakinyonya. Yaani tabia ya chuma inategemea joto lake, na joto lake linategemea tabia yake. Kompyuta haiwezi kurukia jibu. Inakisia, inapima kosa lake, inajirekebisha, inakisia tena. Mara nyingi inashindwa kabisa na kusimama. Nami nilikuwa nimeupunguza muda wa kila hatua, nikaupunguza tena, nikaongeza vipande pale kwenye kitovu, nikairudisha kazini.

Asubuhi ile nikaona kosa linaanza kushuka. Likashuka tena. Hatua baada ya hatua kompyuta ikawa inakubali, inasonga, inakubali, inasonga, mpaka chuma chote kwenye kioo kikaganda! Nilipiga kofi peke yangu kama mwehu. Kisha nikaitazama picha vizuri, na furaha ikageuka kitu kingine. Mbavu za gurudumu, zile zinazounganisha kitovu na ukingo, ni nyembamba, ziliganda mapema. Kitovu ni kinene, kilibaki chekundu katikati, kimezungukwa na chuma kigumu pande zote. Chuma kikiganda hujikunyata. Pale katikati kingejikunyata bila kupata chuma kingine cha kujaza nafasi, kwa sababu lile shimo la akiba, ambalo hushika chuma cha ziada cha kulishia, tulikuwa tumeliweka kwenye ukingo wa nje. Njia kati ya akiba na kitovu ilifungwa na mbavu. Pango lingerudi pale pale.

Ndipo nikatoka mbio. Nikamkuta Mhina amekwisha kufunga kalibu. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Rukia, kalibu imefungwa," akasema. "Tanuri linawaka. Unataka nibomoe?"

"Sijasema ubomoe. Nasema tu nilichokiona."

"Ukisema hivyo umeshasema nibomoe, dada."

Mimi ndiye niliyekuwa mgeni kuliko wote pale, na watu walikuwa wameshavaa glavu. Nikaanza kujiambia, pengine kompyuta imekosea.

Mzee Shemweta alikuwa ametuona. Akaja taratibu, akasimama mbele yangu.

"Unamnong'oneza nini fundi wangu?"

"Hamna, Mzee. Jambo dogo tu."

"Binti," akasema, na sikumsikia tena akitumia sauti ile, "mtu hatoki mbio namna ile kwa jambo dogo. Kama umeona hatari, iseme kwa sauti wakati chuma bado kiko tanurini. Kikishaingia kalibuni, maneno yako hayana kazi tena. Na kama huna uhakika, usininyamazie. Nionyeshe uhakika wako unaishia wapi."

Masikio yaliniwaka moto. Lakini hapo hapo, mwanangu, nilihisi mzigo umeshuka, kwa sababu alikuwa amenipa njia. Sikutakiwa kujua kila kitu. Nilitakiwa kusema ninachokijua na kusema nisichokijua.

Nikawapeleka wote kwenye kioo, Mzee, Mhina, na Mama Paskalina akatufuata bila kualikwa. Nikasema kwa sauti, "Ninachokijua ni kwamba mbavu zitaganda kabla ya kitovu. Nisichokijua ni mchanga wetu. Kipimo cha jinsi unavyonyonya joto nimekitoa kitabuni, na kitabu hakijui mchanga wa Tanga. Ukinyonya polepole sana, au kwa kasi kuliko nilivyodhani, picha inaweza kubadilika."

Mzee alimgeukia Mhina. "Tunaweza kuupima?"

Mhina alikuna kidevu. Mtu huyu alikuwa na kila sababu ya kukasirika, kalibu ilikuwa jasho lake. Akasema, "Chuma cha tonge moja hakitapunguza gurudumu. Nitakutengenezea kikalibu kidogo. Wewe tia nyaya zako za kupimia joto ndani ya mchanga."

Basi tukafanya kazi, we acha! Mhina akashindilia mchanga, mimi nikazika nyaya, moja karibu na chuma, nyingine mbali zaidi. Wakamimina tonge lile. Nikasimama nasoma joto linavyopanda, Mama Paskalina ananiandikia kila nilichosoma, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Nikakimbia kwenye kompyuta nikarekebisha kipimo. Mchanga wetu ulikuwa unanyonya joto kwa kasi kuliko wa kitabuni. Nikairudisha programu kazini, tukasubiri, hakuna aliyekwenda kula. Tanuri wameliacha linaweka joto tu.

Kosa likashuka. Likashuka tena. Picha ikatoka.

Kitovu kilikuwa bado chekundu. Tena mbavu zilikuwa zimeganda mapema zaidi ya mara ya kwanza.

"Haya," akasema Mzee Shemweta. "Mhina, tufungue."

Mhina akavuta pumzi, akafungua. Wakati anafungua ndipo akili yake ilipowaka kuliko yangu mimi. "Kama kitovu ndicho cha mwisho," akasema, "akiba niiweke juu ya kitovu moja kwa moja, tena nene kuliko kitovu chenyewe, ili yenyewe ndiyo iwe ya mwisho." Nikaiweka akiba hiyo kwenye kompyuta, na kweli, wekundu ukapanda juu ukatoka kitovuni! Tulipeana mikono kama waliofunga goli.

Alasiri, Mhina alipokwisha kuitengeneza kalibu upya, chuma kikamiminwa. Hujawahi kuona rangi ile, mwanangu. Si nyekundu, si njano, ni mwanga unaotiririka. Sote tulirudi nyuma, uso unaungua, tukatazama mpaka akiba ikajaa juu.

Kesho yake walivunja mchanga. Mhina akaikata akiba, akaigeuza, akaipasua. Ndani yake kulikuwa na pango, baya, jeusi, kubwa kuliko lile la kwanza. Mama Paskalina akashika kichwa. "Yesu wangu, limerudi!"

"Mama, limerudi panapotakiwa!" nikapiga kelele. "Hicho ni kipande cha kutupa! Pango limehamia humo!"

Mzee Shemweta hakumwamini yeyote kati yetu. Alitoboa kitovu mwenyewe, polepole, akitazama vumbi la chuma linavyotoka mfululizo bila kukatika, mpaka keekee ikatokea upande wa pili. Akainua uso. "Kigumu," akasema. Neno moja. Mama Paskalina akapiga vigelegele mpaka watu wa barabarani wakasimama, akamkumbatia Mhina, akanikumbatia mimi, akamkumbatia na Mzee ambaye hakuzoea mambo hayo. Korona ilianza kuzunguka wiki ile ile, na wale wanawake hawakufungasha.

Mwanangu, wewe unaanza kazi sasa na una mashine ambazo mimi sikuziota. Zitumie kwa raha zote, furahi kama nilivyofurahi mimi. Lakini mashine ikikuonyesha jambo, usilifungie moyoni kwa kuogopa umri wako au jinsia yako au watu waliokwisha vaa glavu. Liseme mapema, mbele ya wote linaowahusu. Pamoja na jibu lako, sema pia mahali usipokuwa na hakika, kwa sababu hapo ndipo wenzako watapata nafasi ya kukusaidia kupima. Mtu aliyekwisha kujua kila kitu hakuna anayeweza kumsaidia. Na siku moja, ukiwa wewe ndiwe mkubwa wa kazi, ukamwona kijana anamnong'oneza mwenzake pembeni, mwendee, umwombe aseme kwa sauti.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usiosita. Akuweke na wenzako watakaokubali kufungua walichokifunga. Kazi ya mikono yako itoke ngumu, bila pango ndani yake, na wanaoitegemea wapate riziki yao kwa amani. Amina.